Ghala la Mawe la Barafu na Swali la Nani Apewe Ubaridi

Katika mji wa Gyeongju, kusini-mashariki mwa Korea ya Kusini, kuna tuta kubwa la udongo lililofunikwa kwa nyasi. Mgeni huweza kulidhania kaburi, maana mji huo ulikuwa makao ya wafalme wa Silla, na makaburi yao ya mviringo yametapakaa kila upande. Lakini ubavuni mwa tuta hili kuna mlango mwembamba wa mawe, na ndani yake ngazi zinazoshuka gizani. Hamkuzikwa mtu humo. Palikuwa mahali pa kuwekea barafu.

Wakorea huliita jengo hilo seokbinggo. Neno hili lina vipande vitatu: seok ni jiwe, bing ni barafu, go ni ghala. Lilijengwa mwaka 1738 na kuhamishiwa mahali lilipo sasa mwaka 1741. Korea ya Kusini imebakiwa na maghala sita ya mawe ya namna hii, yote ya karne ya 18. Desturi yenyewe ni kongwe zaidi ya majengo hayo. Kitabu cha historia kiitwacho Samguk Sagi, kilichotungwa mwaka 1145, kinasimulia kwamba mfalme Jijeung wa Silla aliamuru barafu ihifadhiwe katika mwaka 505.

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma makala haya akiwa Huye au Musanze akajiuliza: Korea inatuhusu nini sisi wa Rwanda katika somo la uraia? Namwomba anivumilie. Katika sheria zilizoyaongoza maghala ya barafu ya nchi hiyo mna jambo moja ambalo sijalikuta katika sheria nyingine yoyote ya kale niliyopata kuisoma. Nitalifikia baada ya kulieleza ghala lenyewe.

Ndani lina urefu wa karibu mita 19, upana wa karibu mita 6 na kimo cha karibu mita 5. Nusu yake imezama ardhini. Kuta na paa ni vya mawe ya graniti, na paa limebebwa na matao yaliyopangwa kwa nafasi. Hewa yenye joto, ambayo kwa kawaida hupanda juu, hukusanyika katika nafasi zilizo baina ya matao, kisha hutoka nje kwa matundu matatu yaliyotobolewa juu. Sakafu imeinama kidogo na ina mfereji wa kutolea maji ya barafu iliyoyeyuka. Mfereji huo una kazi kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu barafu inayoloa ndani ya maji huyeyuka upesi kuliko barafu iliyokaa pakavu. Juu ya paa ulitandazwa udongo na nyasi zikaota. Barafu yenyewe ilifunikwa kwa mabua ya mpunga na matete.

Ukitazama kwa makini, hakuna chochote ndani ya ghala hilo kinachotengeneza ubaridi. Kazi yake yote ni kulizuia joto lisiingie, na likiingia, kulitafutia njia ya kutokea. Barafu nayo inasaidia kazi hiyo. Joto linalohitajika kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyapandisha maji ya uzito huohuo kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80 za Selsiasi. Tena bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vyenye uzito uleule, kwa kuwa sehemu yake inayoguswa na hewa ni ndogo ukiilinganisha na ukubwa wake. Muuza samaki wa ziwani anaijua kanuni hii bila kuisoma darasani: hupendelea bonge zima, wala halivunji mpaka samaki wawe mbele yake. Kwa hekima hiyo ya mawe, mabua na mfereji, barafu iliyokatwa katika mwezi wa baridi kali iliweza kukaa hadi kilele cha kiangazi.

Sasa nizungumzie sheria. Ufalme wa Joseon, ulioanza kuitawala Korea mwaka 1392, ulikuwa na maghala ya serikali kando ya mto Han mjini Seoul: Dongbinggo, yaani ghala la mashariki, na Seobinggo, ghala la magharibi. Yalikuwa ya mbao, nayo yametoweka, ingawa mitaa ya Seoul ingali inaitwa kwa majina hayo. Barafu ya ghala la mashariki ilitengwa kwa ajili ya ibada za kifalme. Ile ya magharibi iligawiwa watu, na mgawanyo wake haukuachiwa hisani ya mtunza ghala. Uliandikwa katika Gyeongguk Daejeon, mkusanyo wa sheria za ufalme uliokamilika mwaka 1485.

Orodha ya waliostahili inaanza kama tunavyotarajia: idara za serikali, jamaa wa mfalme, maofisa wakuu. Wanafuata maofisa wakuu waliostaafu na kutimiza umri wa miaka 70. Kisha wanatajwa watu ambao msomaji hakuwatazamia. Wa kwanza ni wagonjwa wa Hwarinseo, nyumba ya serikali iliyowatunza wagonjwa maskini wa mji mkuu. Wa pili ni wafungwa waliokuwa gerezani.

Wafungwa! Kiangazi cha Seoul ni cha joto na unyevunyevu, na mtu anaweza kukisia hali ya chumba cha gereza kilichojaa watu wakati huo. Ufalme huo haukuona haya kumchapa mkosaji viboko. Hata hivyo uliona kwamba kumwadhibu mtu ni jambo moja, na kumwacha aelemewe na joto ni jambo jingine ambalo hukumu haikulitaja. Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sidai kwamba kila mfungwa alilishika bonge lake mkononi. Baina ya sheria na utekelezaji pana bonde, jana na leo. Lakini alitajwa katika orodha moja na jamaa wa mfalme, na ofisa aliyemnyima alikuwa anavunja sheria, si anabana matumizi tu.

Orodha hiyo, hata hivyo, ina upande wake wa pili. Barafu haikuingia ghalani kwa miguu yake. Mto Han ulipoganda na barafu kufikia unene wa sentimita 12 hivi, watu walipelekwa kuikata, na kamba za majani makavu zilitandazwa juu ya mto ili wasiteleze. Kazi hiyo ilikuwa shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na ujira. Mwanafunzi aliyesoma historia ya Rwanda atalikumbuka neno uburetwa, naye hatahitaji maelezo marefu kuhusu jinsi watu wanavyoipenda kazi ya namna hiyo. Wapo waliohama makwao majira ya baridi yalipokaribia ili wasikamatwe, hata pakazuka msemo mchungu uliowaita wake walioachwa nyumbani wajane wa ghala la barafu. Waliokata barafu na waliokula barafu kwa kawaida hawakuwa watu walewale. Ghala la Andong, lililojengwa mwaka 1737, ni mfano: lilitunza samaki wa mtoni waliovuliwa na wenyeji, ila samaki hao walikuwa njiani kwenda mezani kwa mfalme.

Kufikia karne ya 18 wafanyabiashara walikuwa wamejijengea maghala yao wenyewe kando ya mto Han, wakiwauzia barafu wachuuzi wa samaki na nyama. Hapo likaingia jibu jingine la swali la nani apewe: apewe mwenye fedha. Jibu hilo ndilo lililoenea duniani.

Kabla ya kuondoka Korea na kuelekea magharibi, tusimame kidogo kwenye lugha, kwa kuwa lugha ndiyo iliyotukutanisha hapa. Neno letu barafu lina asili ya Kiajemi, ambako barf ni theluji. Neno theluji nalo limetoka katika Kiarabu, thalj. Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili kikayagawia kazi: barafu ikawa maji yaliyoganda, theluji ikawa ile nyeupe inayoanguka kutoka mawinguni na kukaa vileleni. Barafu ya asili ambayo wengi wetu tumewahi kuigusa haiitwi barafu hata kidogo. Huitwa mvua ya mawe, na Wanyarwanda huiita urubura. Mlima wetu mrefu kuliko yote, Karisimbi, wenye mita 4,507, umepewa jina linalotokana na isimbi, yaani simbi jeupe, kwa sababu ya weupe unaoonekana kileleni mara kwa mara. Na mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro na kumwuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Wataalamu wa London waliosoma habari zake walibisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kiongozi yule hakuwa na jina la kitu hicho, lakini alikijua kuliko wao.

Waajemi waliotupa neno hilo walikuwa na maghala yao. Nchini Iran, katika miji ya pembezoni mwa jangwa kama Meybod, zingalipo kuba kubwa za udongo zenye umbo la chungu kilichofunikwa. Huitwa yakhchal: yakh ni barafu, chal ni shimo. Kando ya kuba palichimbwa mabwawa ya kina kifupi, yakakingwa na ukuta mrefu uliozuia jua. Usiku wa baridi, anga ikiwa safi, maji hupoteza joto lake kuelekea angani na kuganda. Alfajiri barafu ilivunjwa na kuteremshwa shimoni. Leo Mwirani akinunua friji mpya dukani bado anaiita yakhchal, shimo la barafu, ingawa ina waya na imepakwa rangi nyeupe. Ninaipenda tabia hii ya maneno ya kuwa na kumbukumbu ndefu kuliko wenye kuyatumia.

Hila hiyo ya usiku ilijulikana India pia. Katika jimbo la Bengali, sahani za udongo zenye maji machache zilipangwa juu ya majani makavu, na katika usiku mtulivu wa majira ya baridi maji yaliganda utando mwembamba, hata kama hewa ya juu yake haikufikia nyuzi 0. Barafu hiyo ilikuwa chache na chafu. Ndiyo iliyofungua njia ya kisa cha ajabu kuliko vyote katika historia hii.

Frederic Tudor wa Boston, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1783, aliona kwamba maziwa ya kwao yaliganda kila mwaka bila gharama, na kwamba kulikuwa na nchi ambazo watu wake wangelipia kitu hicho. Mwaka 1806 alipeleka shehena ya barafu katika kisiwa cha Martinique. Watu wa Boston walimcheka, naye akapata hasara. Baadaye alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni. Hakuacha. Alijifunza kuifunika barafu kwa vumbi la mbao, ambalo viwanda vya kupasulia mbao vilikuwa vikilitupa, na mwaka 1825 mshirika wake Nathaniel Wyeth alibuni plau ya kukokotwa na farasi iliyokata barafu ya ziwani katika mapande yenye pembe nne zilizo sawa. Mapande yaliyo sawa hupangwa bila mianya, na pasipo na mianya hewa ya joto haipiti. Jambo dogo, lakini biashara nzima ilisimama juu yake.

Mwezi Mei 1833 meli iitwayo Tuscany iliondoka Boston na tani zipatazo 180 za barafu. Ilivuka ikweta mara mbili, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mwezi Septemba ikafika Calcutta ikiwa na karibu tani 100 zilizosalia. Waingereza wa mji huo walifurahi mno, wakachanga fedha za kujenga ghala la kudumu, na serikali ikaifutia barafu ushuru wa forodha. Maghala kama hayo yakajengwa Bombay na Madras. Lile la Madras, jengo la mviringo lililo karibu na ufuko, lingalipo mpaka leo.

Katika mwezi huohuo wa Septemba 1833, mjini Maskati, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, mji ulio jirani na Boston, walikuwa tayari wakitembelea pwani ya Afrika Mashariki. Kitambaa walichokileta kilisafiri bara hadi maeneo ya maziwa makuu, na jina lake, merikani, limo katika kamusi zetu. Pwani moja ya Marekani ilileta huku nguo, ikapeleka Calcutta maji yaliyoganda, na kote ikarudi na faida.

Ubaridi wa Tudor haukuwa na orodha wala sheria. Huko Calcutta uliwafikia kwanza Wazungu na matajiri, kwa vinywaji na siagi ya mezani. Lakini biashara yake ilikuwa na matokeo ambayo hata yeye huenda hakuyakusudia: nchini Marekani barafu ilishuka bei hadi ikaingia nyumba za watu wa kawaida. Sanduku la barafu likawa fanicha ya jikoni. Mkulima mmoja wa Maryland, Thomas Moore, alikuwa amelitengeneza la kwanza la aina hiyo mwanzoni mwa karne na kupata hataza mwaka 1803. Lake lilikuwa pipa la mbao lenye chombo cha bati ndani, barafu ikizunguka katikati, na nje likavikwa manyoya ya sungura; alilitumia kupeleka siagi sokoni, na siagi yake ngumu ilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya wenzake iliyolegea. Masanduku ya baadaye yalikuwa kabati za mbao zilizowekwa bati au zinki ndani, na kati ya kuta mbili yalijazwa vumbi la mbao au gome la mti wa koki. Barafu ilikaa juu, chakula chini, na mvunguni beseni la kukinga maji ambalo mtu akisahau kulimwaga, sakafu yote inalowa. Mwenye nyumba aliweka dirishani kadi yenye namba. Mwuza barafu akipita na mkokoteni wake aliona kutoka barabarani ni ratili ngapi zinazohitajika.

Mashine ziliiua biashara hiyo polepole. Nitazipitia haraka, kwa kuwa habari zake zimeandikwa kwingi. Daktari John Gorrie wa Apalachicola, Florida, alianza kwa kutundika barafu karibu na dari ili kuwapoza wagonjwa wake wa homa, na kwa kuwa barafu ilichelewa kufika kusini, akabuni mashine ya kuitengeneza. Alipata hataza mwaka 1851, lakini alikufa mwaka 1855 bila kuona faida yake. Wengine walifaulu: James Harrison kule Geelong, Australia, na Carl von Linde nchini Ujerumani, ambaye wateja wake wakubwa wa mwanzo walikuwa watengenezaji wa bia. Mwaka 1882 meli Dunedin ilitoka New Zealand na nyama iliyogandishwa, ikaifikisha London ingali njema baada ya siku 98 baharini. Gorrie aliwafikiria wagonjwa akafa maskini, Linde akahudumia bia akafanikiwa. Huo ni ukweli wa historia, upendeze usipendeze.

Friji hufanya kazi kwa kuhamisha joto. Kimiminika hugeuzwa kuwa gesi ndani ya mabomba, na kinapogeuka hulinyonya joto la chakula. Kisha gesi hiyo hubanwa, hulitupa joto nje, ikawa kimiminika tena. Ukigusa mgongo wa friji utalihisi joto hilo. Gesi za kwanza, kama amonia na dioksidi ya salfa, zilikuwa sumu, na zikivuja ziliweza kuua watu waliolala. Kwa hiyo mwaka 1930 mkemia Thomas Midgley alipowaonyesha wenzake gesi mpya, aliivuta mapafuni na kuipuliza juu ya mshumaa ili waone haidhuru mtu wala haiwaki. Ilikuwa klorofluorokaboni. Ilichukua miaka 44 kabla ya Mario Molina na Sherwood Rowland kuonyesha, mwaka 1974, kwamba gesi za jamii hiyo hupanda angani na kuiharibu tabaka ya ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Mwaka 1987 ikaafikiwa Itifaki ya Montreal ya kuziondoa.

Zilizochukua nafasi yake, hidrofluorokaboni, hazigusi ozoni, lakini nyingi kati yake huiongezea dunia joto mara elfu na zaidi kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Yaani kile kinachokipoza chumba changu kinalipasha moto shamba la jirani yangu. Hapo ndipo mji wetu unapoingia katika historia hii. Tarehe 15 Oktoba 2016, alfajiri, baada ya majadiliano ya usiku kucha, wajumbe wa nchi karibu 200 walikubaliana hapa Kigali kuzipunguza gesi hizo. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali, na yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Nawashauri wanafunzi wayasome, kwa sababu nayo ni orodha ya mgawanyo kama ile ya mwaka 1485. Nchi tajiri, zilizopoa kwa karne nzima, zilitakiwa zianze kupunguza mwaka 2019. Nchi nyingi zinazoendelea, Rwanda ikiwamo, zilipewa hadi mwaka 2024 kusimamisha ongezeko. Kundi la tatu, la nchi zenye joto kali, likapewa hadi 2028. Humo mna India, Oman, nchi jirani zake za Ghuba na Iran, nchi ya yakhchal. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: msitufungie mlango wa friji sasa, wakati ndiyo kwanza tunaufungua. Wapo walioona kwamba kundi hilo lilipewa muda mrefu mno. Mimi naona swali gumu zaidi liko kwa mtu asiye na friji kabisa, ambaye hakuchangia uharibifu wowote, na ambaye friji ya kwanza atakayoimudu pengine ni kuukuu iliyotupwa na mtu wa nchi nyingine, inayokula umeme na kuvuja gesi ileile inayopigwa marufuku.

Kwa mtu huyo zimekuwapo njia nyingine. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, alieneza katika miaka ya 1990 chungu ndani ya chungu: baina ya vyungu viwili huwekwa mchanga, mchanga hulowanishwa, na maji yanapokauka huchukua joto la vilivyomo ndani. Biringanya zilizokuwa zikioza kwa siku 3 zilikaa siku 27. Alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Ni kanuni ileile ya mtungi wa maji ukutani kwa bibi. Inahitaji hewa kavu. Kwenye unyevunyevu wa pwani au ukingoni mwa ziwa haifui dafu.

Tena mambo mengine hayawezi kutegemea chungu. Chanjo nyingi sharti zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na damu ya kuongezewa mgonjwa nayo ina kipimo chake. Kuweka friji ya damu yenye kila kundi la damu katika kila zahanati ya mlimani ni gharama isiyobebeka. Oktoba hiyohiyo ya 2016, kutoka Muhanga, ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini ndani ya visanduku vinavyozuia joto. Damu hukaa katika ghala moja la pamoja, na anayeihitaji huletewa kwa dakika, si kwa saa. Mtu wa Seobinggo angeuelewa utaratibu huo mara moja, ila asingeielewa ndege.

Upande wa maziwa, wahenga wetu hawakuyatunza kwa baridi. Waliyachachusha. Maziwa ya inkongoro yaligeuzwa ikivuguto, na yaliyosukwa katika igisabo yalitoa siagi. Anayetembelea jumba la makumbusho ya wafalme huko Nyanza huonyeshwa, nyuma ya nyumba kubwa ya mfalme, nyumba ya pekee ya maziwa. Siku hizi maziwa yana soko mjini, na soko linataka yafike mabichi. Mfugaji huyapeleka asubuhi katika kituo cha kukusanyia maziwa, ambako hupimwa na kumiminwa katika tangi la kupozea hadi nyuzi 4. Ya jioni ndiyo yenye mashaka. Kituo kimefungwa, barabara ina tope, na maziwa hayawezi kungoja hadi kuche. Mwenye tangi lake au barafu huyauza kesho yake. Asiye navyo huwanywesha watoto, humgawia jirani, na yanayobaki huyaacha yawe ikivuguto.